Ya Kuona Glasgow, kwa Mama Anayekuja Mara ya Kwanza

Mama, viza imetoka. Ombi la tatu ndilo lililosikika,
baada ya taarifa ya benki, hati ya shamba la mikorosho,
na picha ya kuku wako, ambayo hawakuiomba.
Sasa nisikilize. Nimekuandikia ya kuona.

Kwanza, usiku. Juni hapa jua ni mgeni asiyejua kuaga:
Magharibi huingia saa nne usiku,
na hujageuza ubavu, Alfajiri inabisha hodi.
Usihangaike kulala. Tutakaa barazani.
Sina baraza. Tutakaa ngazini,
na jirani wa chini atatupita na mbwa wake
akisema kuna baridi, hata kama hakuna.

Pili, katikati ya mji yuko jemadari juu ya farasi,
na kichwani kavishwa koni ya barabarani.
Halmashauri huivua, walevi huirudisha.
Usiniulize maana. Mpige picha.

Tatu, treni ya chini ya ardhi, rangi ya chungwa,
ndogo kama ya kuchezea, inazunguka duara.
Ukisinzia unarudi pale pale ulipopandia.
Mwaka wangu wa kwanza niliizunguka mara sita,
Jumapili nzima kwa tiketi moja,
kwa kuwa mle ndani mlikuwa na joto.
Kwenye simu nilikwambia nimekwenda kutembea.

Nne (au ni chakula sasa? nimepoteza hesabu):
chipsi zilizoloweshwa siki, ndani ya karatasi.
Utauliza pilipili iko wapi.
Pilipili ninayo mfukoni, miaka tisa sasa.
Halafu kuna hagisi: moyo, ini, mapafu ya kondoo,
vimesagwa na oti na pilipili manga,
vikashindiliwa ndani ya tumbo lake mwenyewe.
Wageni hukunja uso. Wewe uliyetukuza kwa supu ya utumbo
utataka kujua tu kama mchinjaji alisema bismillahi.
Alisema. Anaitwa Iqbal, duka lake liko Govanhill,
na Kiingereza chake ni cha hapa hapa, kimekolea,
miaka miwili nilikuwa nikiitikia tu kwa kichwa.

Jumba la makumbusho ni bure. Nenda.
Ndege ya vita inaning'inia darini,
na chini yake amesimama tembo aliyekaushwa.
Huyo mwangalie kidogo, usiharakishe.
Naye alikuja kutoka mbali, na hakurudi.

Likizo wamenipa siku nne. Zilizobaki
utapanda basi langu, toka mwanzo hadi mwisho wa njia.
Kaa kiti cha mbele, kushoto, dirisha lake halivuji.
Usinisemeshe gari likitembea, ni sheria.
Utaona mto, meli ya zamani, msikiti wenye kuba la kioo,
wanafunzi waliolala mabegani mwa wenzao,
na kisogo changu, Mama, kimeanza mvi.
Wakishuka, utawasikia wote wakisema asante, dereva.
Hapa wanasema. Nilitaka ulisikie hilo.

Viatu: vilivyofungwa. Kanga: tatu, moja ya kufunikia mvua.
Ubuyu, ukiweza. Dagaa, hapana,
wale wa uwanja wa ndege wana mbwa.

Kuhusu Bi Somoe, aliyekuagiza picha ukiwa kwenye theluji:
mwambie theluji Juni hakuna.
Akikasirika, nina dawa. Mkabala na bucha ya Iqbal
kuna duka lenye jokofu refu kama jeneza la tajiri.
Tutafungua mfuniko, moshi wa baridi upande,
uweke mikono ndani, ucheke, nami nibonyeze.
Asije akaitazama picha kwa karibu, basi.
Kilicholala humo chini ya barafu ni mihogo ya kwetu,
imemenywa, imekatwa, imefungwa mifukoni.
Imekutangulia kufika,
na hakuna aliyeiuliza itarudi lini.