Sampuli ya Kumi na Nne

Ilikatika saa tisa usiku, sisi tumelala,
kwenye mzunguko wa elfu ishirini na moja, mia mbili na sita.
Ndugu zake waliokatwa kwenye mche mmoja,
waliochomwa nyuzi zile zile mia sita na hamsini,
walivuka elfu sitini bila kukohoa.

Asubuhi theluji ya Trollhättan imeziba dirisha la maabara.
Mashine kimya. Taya zake zimeng'ang'ania
vipande viwili vya nikeli, kila taya na chake,
kama watoto waliogombania mkate.

Nikaiosha kwa asetoni.
Nikaiweka chini ya hadubini, nikazima redio.

Ufa ulianzia ubavuni, kwenye ngozi,
ukatambaa, kila mzunguko mstari mmoja,
mwembamba, mvumilivu.
Kando yake nikaona nisichokitarajia:
mikanda ya mtelezo ndani ya chembe,
mikongwe kuliko jaribio lenyewe.

Kadi inasema: *Haijaguswa.*

"Hjalmar," nikaita.
Akaja. Akatazama viatu vyake.
"Jiliwa liliteleza, Ingegerd. Ilipinda kidogo tu.
Nikainyoosha. Ilinyooka kabisa, nilipima."

Alipima, kweli. Na kweli ilinyooka.
Nani alimdanganya kijana huyu
kwamba kunyoosha ni kinyume cha kukunja?
Kunyoosha ni kukunja mara ya pili.
Nikeli si samaki, useme uliiwahi ingali mbichi;
ilichotendwa ikiwa baridi
inakwenda nacho motoni.

Sisemi kila pigo ni hasara.
Chumba cha pili tunaimiminia ngozi yake
mvua ya vidonge vya chuma, kwa makusudi,
mpaka ijibane, na ufa ukija
ukute mlango umekazwa.
Hizo hudumu kuliko zote.
Lakini hizo tunaziandika.

"Utaniripoti?"
"Nitairipoti sampuli."

Nikafuta *Haijaguswa* kwa mstari mmoja,
ili anayetaka kusoma chini yake aweze.
Nikaandika: *Ilipinda. Ilinyooshwa.* Tarehe. Sahihi mbili,
ya kwake imetetemeka kidogo kwenye H.

Alipokwenda kuchemsha kahawa
nikaunyanyua mkono wangu wa kushoto kufikia rafu ya juu,
ukaishia pale unapoishia siku zote,
nikamalizia kwa wa kulia.