Buti za Mcha

Mwaka ule mikarafuu ilibeba, wapandaji hawapo:
vijana kumi na mmoja wamejiandikisha skuli ya Konde
kwenda Kagera. Hakuna aliyelazimishwa.

Mcha alipewa buti kubwa.
Akazishindilia makumbi ya nazi, akacheka,
yeye ambaye hata Unguja hajafika.

Nilipanda mwenyewe, na mimba ya miezi sita,
jirani wakifumba macho.

Walirudi wanane.
Shaame aliziweka buti mlangoni, hakusema.
Makumbi yalikuwamo bado,
yameshika udongo mweusi usio wa kwetu.

Afisa wa mafao aliuliza: "Marehemu alikuwa askari?"
Nikamwambia: mchumaji. Alijitolea.

Kila Idi nazipaka mafuta zisipasuke.
Juzi nilimkuta mwanangu amezivaa.
Hakutia makumbi.