Mwanga wa Ubavuni

Kopo la biskuti limepandishwa ngazi kumi na moja,
Bi Ackroyd amelikumbatia kama mtoto aliyelala.
"Za marehemu Clifford," anasema. "Wewe unajua mambo ya shaba."
Sijui mambo ya shaba. Nilimwambia siku moja tu
kwamba baba alikuwa fundi wa mizani sokoni Tanga,
na kwake hilo limetosha.

Sarafu hamsini na tatu za Wayunani. Daftari, hakuna.
Mali bila daftari, naanza kumwambia,
naye anatikisa kichwa kabla sijamaliza,
kana kwamba methali ilishawahi kupita
hapa Todmorden, ikanywa chai, ikaenda zake.

Hizi Jumapili sita zimenifunza.
Usiikodolee macho sarafu chini ya taa ya dari.
Zima taa. Laza tochi juu ya meza,
mwanga uje wa ubavuni,
kama jirani anayechungulia bila kubisha hodi.
Hapo kivuli husimama palipokuwa na pua.
Pima: gramu sita na nusu. Pindua:
taswira ya nyuma imesimama, au iko kichwa chini?
Na usisugue. Ule ukijani usiuite uchafu;
ukiung'oa, unaondoka na ndevu za mungu.

"Uma!" anasema Bi Ackroyd.
Siyo uma, Bi. Mkuki wa ncha tatu,
na pembeni kitu kimepinda mgongo: pomboo.
Sirakusa, basi. Upande wa mbele bwana wa bahari
amebakiwa na shavu na utepe wa nywele.
Bi Ackroyd anaandika juu ya kibahasha: Sirakusa,
kisha tarehe ya leo,
maana ndiyo tarehe pekee tunayoweza kuiapia.

Herufi za ukingoni hulika kwanza.
Hilo sikuhitaji kufundishwa.
Naitwa Mwanakombo. Mtaani ni Mwana,
kazini ni Kombo,
kwenye bili ya gesi ni M.

Februari nilipanda treni kwenda Manchester
kutoa alama za vidole. Mashine ikanikataa.
Miaka tisa ya shuka za hospitali na dawa ya kufulia
imepita juu ya vidole hivi kama soko zima.
Kijana wa dirishani akanifuta kimoja kimoja kwa kitambaa,
bonyeza tena, mama, bonyeza tena,
kama vile nimezificha mfukoni.
Mara ya nne kioo kikaandika: haisomeki.
Ningemwambia. Kijana, zima taa ya dari.
Lakini nyuma yangu palikuwa na foleni.

Imebaki moja. Laini pande zote mbili,
kama kokoto la mfereji, kama peremende iliyonyonywa.
Tochi kushoto, tochi kulia, hata kovu la chapa hakuna.
Nimeshaandika "haijulikani"
Bi Ackroyd aliponyoosha mkono.

"Hii haikuja hivi," anasema.
"Ilikuwa na farasi. Nilimwona mimi, farasi na mkia wake,
mwaka tuliooana."
Clifford aliitia mfukoni mwa koti, mfuko wa kulia,
akaisugua kwa dole gumba kituo cha basi,
akaisugua kiwanda kilipofungwa,
akaisugua korido yote ya wodi ya saba
wakisubiri majibu.
Miaka elfu mbili ilimwachia farasi.
Arobaini na mitatu ya Clifford ikammaliza.

Nafuta "haijulikani". Sijui niandike nini badala yake.
Mvua imehamia dirisha la jikoni.
Namwomba anirudishie, niipime walau,
nijue amebeba kiasi gani cha shaba ile kwenye ngozi yake.

Bi Ackroyd hajibu. Anatazama birika.
Mfuko wa sweta yake, ule wa kulia,
unacheza kidogo, kidogo,
kama kuna kitu hai ndani.