Bado Mmoja

Saa ya kanisa letu iko ukuta wa nyuma,
mkabala na mhubiri, aione yeye peke yake.
Mimi ndiye ninayeitia betri.
Hapa Winnipeg, theluji ikifika magotini au isifike,
ibada huanza saa nne kamili, huisha saa tano na robo,
kwa ajili ya maegesho,
kwa ajili ya nyama iliyoachwa jikoni kwenye oveni,
kwa ajili ya mazoea.

Saa tano na nusu huingia Lualhati Abueva
kutoka kiwanda cha nguruwe, zamu ya usiku,
vidole vimekakamaa kwa kisu na barafu,
viatu mkononi asichafue zulia.
Hunikuta nakunja viti.
"Imebaki?" huuliza.
Nami miaka mitatu nimemjibu kwa upole wa bawabu:
"Karibu Jumapili ijayo."
Makombo nimekwisha kuwapa ndege.
Maji ya zabibu nimeyamwaga sinkini.

Januari ile tanuri la kanisa likafa.
Mchungaji alikuwa safarini, mabomba yamepasuka,
tukahamia kwa bibi Agatha Tieszen, nyuma ya reli,
watu ishirini na saba, vikombe kumi na vinne,
makoti yamelundikwa kitandani kama mlima.
Mkate aliuoka mwenyewe. Ukawekwa mezani, chini ya kitambaa.
Tukaomba. Tukasoma. Tukangoja aukate.

"Bado mmoja," akasema, akaketi.

Saa tano na robo ikapita.
Bwana Penner akachungulia gari lake lisije likaganda.
Mtoto akalia njaa, akapewa kijiko achezee.
Harufu ya mkate ikatutesa sote sawasawa,
mwenye kiwanda cha madirisha na mwosha madirisha,
na humo katika kungoja, nikaiwaza Korintho.

Si ile ya nguzo na watalii.
Nyumba moja tu ya mwenye nazo,
waliokwisha kuoga wamejilaza kwa kiwiko,
samaki, zeituni, divai ya pili.
Kisha uani, gizani, wanaingia wapagazi wa bandarini,
mabega yamechubuliwa na kamba;
mtumwa mmoja, tumwite Onasi,
anakuta sahani zinarambwa
na walioshiba wanaimba habari za mwili mmoja.

Tunawasifu wale wa mwanzo kana kwamba walikuwa malaika.
La, walikuwa sisi.
Mwenye shibe wao naye hakumjua mwenye njaa.
Ila wao waliandikiwa barua, ikasomwa kwa sauti, nao wamo chumbani,
na mtu mmoja (sina ushahidi, nasadiki tu)
akaona haya,
akalirudisha tonge sahanini,
akageuka kuutazama mlango.
Mimi naona kanisa lilizaliwa pale,
katika tonge lile lisilomezwa.

Saa tano na dakika arubaini, kengele.
Lualhati akasimama kizingitini, kope zimeganda,
akaona nyuso ishirini na saba zimemwelekea,
akadhani amekosea nyumba.
"Samahani," akasema, akirudi nyuma.
Agatha akakifunua kitambaa.
Hakuna aliyehubiri.
Mkate ulikuwa umepoa, ukakauka kidogo pembeni;
sijapata kula mwingine kama ule.

Tanuri jipya limefungwa, tunalilipia hadi miaka tisa.
Niliileta hoja mbele ya kamati: tusogeze saa.
Walinisikiliza vizuri sana. Wakapiga kura.
Kura mbili, yangu na ya Agatha.

Basi saa ingali pale, nami naitia betri.
Saa tano na robo wanaondoka, injini zinanguruma.
Lakini ufunguo wa jiko la kanisa ninao mimi,
na chini ya kitambaa kuna nusu ya mkate,
na viti viwili
sijavikunja.