Sukari Haigandi Motoni

Baba alikuwa mpishi wa sukari, zamu ya usiku,
kiwanda chetu cha upande wa Mumias.
Alichota uji wa miwa kwa kijiko kirefu,
akaupaka juu ya kioo, akakiinua kwenye taa
na kungoja punje.
"Ukizidisha moto unapata dawa ya kikohozi," alisema.
"Sukari haigandi motoni."

Mimi kazi yangu ni kuhesabu galaksi.
Chumba kimoja Kakamega, mvua ya saa tisa juu ya mabati,
kompyuta ya kuazima, picha za darubini
ambayo sitaigusa maishani.
Kuna kishada kimoja nakijua kama mtaa wangu:
galaksi mia tatu na ushei,
mwanga wake umesafiri miaka bilioni saba kunifikia,
na karibu zote ni nyekundu.
Si wekundu wa haya. Ni wa uzee.
Nyota za samawati huishi kwa fujo, hufa mapema;
usipoziona, ujue wodi ya wazazi imefungwa
na wakunga wameshakwenda zao.

"Gesi iliziishia?" akauliza Shiundu, wa meza ya pili.
Laiti.
Gesi imejaa tele kati yake, inazishinda nyota zote kwa uzito,
ila imechemka, digrii makumi ya mamilioni,
na kilichochemka hakitulii,
hakijikunji, hakishikani,
hakiwi jua la mtu yeyote.
Nyota huzaliwa na baridi.
Sikuisoma hiyo kitabuni kwanza. Niliijua
tangu kile kioo na ile taa.

Tazama hii ya pembeni, bado changa,
inavyotumbukia kishadani kwa kasi:
upepo wa moto unaipiga usoni
na gesi yake baridi inabaki nyuma kama mkia.
Ndivyo tulivyolifanya trela la miwa
pale mlimani, likipunguza mwendo:
mimi, Atsango, na mapacha wa Nanzala,
tukichomoa muwa mmoja mmoja kwa nyuma.
Likafika getini na majani.

Nyingine hazikuporwa. Zilikatiwa njia tu.
Zikaendelea kula ya ghalani,
zikiwaka kama kawaida, zikijisifu pengine,
miaka bilioni moja, mbili,
kisha, ghafla, sufuria tupu.

Naijua hiyo pia.
Hakuna siku kiwanda kilifungwa.
Kwanza malori ya usiku yalikuja na pesa taslimu,
yakavusha miwa ng'ambo ya mto.
Malipo ya wakulima yakachelewa msimu, misimu.
Makomere aling'oa miwa, akapanda mahindi.
Zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa Jumanne.
Baba aliendelea kupiga pasi ovaroli yake.

Mhariri wa jarida anataka nitaje sababu moja.
Mama naye alitaka jina la mtu mmoja.
Nachora mstari: unashuka polepole,
polepole, halafu kama jiwe.
Sababu nimeziandika nne, na alama ya kuuliza.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Umeme haukuwepo.
Nyuma ya jiko baba alikuwa anapika nguru
kwenye pipa lililokatwa, miwa ya mistari miwili
iliyosalia kando ya choo.
Akaipua. Tukakaa.
"Hizo zako, bado zinawaka?"
"Zinawaka. Hazizai tu."
Akanyamaza. Akachovya kijiko,
akapaka kwenye kipande cha dirisha,
na kwa kuwa taa hapakuwa,
akakiinua juu, kwenye anga lote lile.
"Bado ni ya moto," akasema. "Ngoja."