Kamba ya Mkono wa Kushoto

Ussi anatangulia, kishikwambi kifuani,
viatu vyake havitaki mchanga.
"Bi mkubwa, nyumba zetu ni kumi na mbili,
kila moja peke yake, ua wake, bwawa lake.
Humuoni jirani wala jirani hakuoni."
Mama ananigeukia:
"Kwani jirani kafanya nini?"

Miezi kumi na saba nimeweka akiba,
zamu za usiku wodini, posho ya sikukuu,
ili mama alale siku mbili mahali
ambapo chai huletwa na mtu mwingine.
Hapa hapa Bwejuu, kwetu panaonekana.
Aliuliza tu: si tulale kwetu,
tuje kutwa kutazama?

Ya kwanza inaitwa Iliki.
Kitanda kimemwagiwa asumini,
taulo limekunjwa likawa bata.
Mama akamwinua bata kwa shingo.
"Na maua haya atayafagia nani?"
"Yupo mtu, bi mkubwa."
"Mpe pole."

Ya pili, Karafuu. Bafu halina paa,
unaoga kunguru wanakutazama.
Ussi anasema wageni huipenda kuliko zote.
"Na siye utotoni tulioga hivi," mama akasema,
"hatukujua kama ni anasa.
Tulidhani ufukara."

Ya tatu bei yake haitamkwi, huandikwa.
Nikaisoma, nikaikunja karatasi mara nne.
Mama alikuwa ukingoni mwa bwawa
akihesabu ndoo.
Alipofika mia nne akaacha.

Kati ya nyumba ya nne na ya tano
nilianza kuona haya, na haya ile ikanitia haya.
Nilimtaka achague kama wanavyochagua watu,
kwa upepo, kwa shuka, kwa mandhari.
Yeye kila mlango huvua kandambili,
bahari haiangalii, bahari anaijua,
anatazama juu.

Ya sita, Mchaichai, ndogo,
imejificha nyuma ya mikadi.
Hapo shingo yake ikainuka isishuke,
mpaka Ussi naye akateremsha kishikwambi.

"Hii kamba kasokota nani?"
"Zilinunuliwa mtaani, bi mkubwa. Mie sijaajiriwa bado."
"Tazama zinavyopinda. Zile zote zinakwenda kulia.
Hii inakwenda kushoto."

Mwalimu wa chuoni aliufunga mkono ule kwa kitambaa
mwaka mzima, ajifunze kuandika kwa wa kulia.
Akajifunza.
Lakini usumba viganjani
hakuna mwalimu aliyekuja kuukagua.

Makumbi aliyafukia mwenyewe, miezi sita topeni,
akayafukua yakinuka, akayaponda,
akasokota pima juu ya pima
mpaka zikatosha sare zangu za skuli.
Mnunuzi akaja na gari, akalipa nusu.
Nusu, akasema, kesho.

Pale juu, baina ya boriti na kuti,
imefungwa kesho ile.

"Hii," mama akasema. "Hii haivuji."
Ussi akajitahidi: hii haina bwawa, bi mkubwa,
haioni pwani, kwa kawaida
tunawapa waliochelewa kuweka nafasi.
"Na siye tumechelewa,"
akavua kandambili, akaingia.

Usiku nikazima taa nikidhani kalala.
Feni ilikuwa ikizunguka taratibu juu ya chandarua.

"Zuwena."
"Bee, mama."
"Ile ya tatu kutoka mlangoni
niliisokota wewe una homa, mkono mmoja kichwani mwako.
Imelegea.
Kesho mwambie yule kijana alete ngazi."