Kilo Tisini

Kengele ya kanisa letu, huku juu ya Mestia,
ilikuwa na kilo tisini.
Najua, maana mimi ndiye niliyeiandika
katika daftari la hasara, ukurasa wa kwanza,
majira yale ya baridi umeme ulipotuacha miezi minne
na Mushni wa Jokia akaishusha usiku kwa kamba,
akaiburuta kwa sleji ya ng'ombe mpaka barabarani,
na kutoka hapo Zugdidi, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.
Alama ya mburuto ilikaa kwenye theluji hadi Machi.
Tuliivuka kwenda ibadani
kama mtu anayepapasa kovu lake.

Tukatundika kipande cha reli.
Ukikigonga hakiimbi, kinakohoa.
Miaka ishirini na sita Mungu ametuita kwa kikohozi.
Tumezika kwa kikohozi, tumebatiza kwa kikohozi,
na mimi kila mwaka naongeza tarakimu:
bei ya shaba, riba, nauli ya fundi kutoka Kutaisi.
Dawa ya deni ni kulipa.
Hilo sikufundishwa na padri. Nilizaliwa nalo.

Jana alirudi.
Koti la kuazima, viatu visivyo vya pacha mmoja.
Akasimama mlangoni kwa mama yangu, Dariko,
ambaye ufunguo wa kanisa umemfikia
kutoka kwa mama mkwe wake, na mama mkwe wa mama mkwe,
ufunguo mrefu kama mkono wa kitoto kichanga.
Nikashuka ngazi, daftari kifuani.

"Dariko, sina kitu."
"Naona."
"Niambie ni kiasi gani, nianze hata na—"
"Mkate unapoa, Mushni."

Akala. Mungu nisamehe, nilihesabu vipande.
Kisha mama akautoa ufunguo kwenye msumari,
akaufuta kwa aproni, akamwekea kiganjani.
"Nenda ukagonge. Saa ya sala imefika."

Mikono ile ile!

Nikatoka, nikasimama kwenye theluji nikilia kwa hasira.
Thelathini karibu ninafagia ngazi zile,
nafunga Kwaresima bila hata tone la mafuta,
na sasa naambiwa ni bure.
Neno baya, bure. Lina milango miwili.
Nimekaa maisha yangu yote kwenye ule wa nyuma,
nikiogopa kwamba nilichofanya kimekwenda bure,
sikusikia kwamba kuna watu wanaingia mbele.

Reli ikakohoa. Mara moja.
Kimya kirefu. Labda nyundo ilimponyoka.
Ikakohoa tena, na tena, bila mpango,
na majirani wakatoka wakijifunga shali,
wakapiga ishara ya msalaba kama siku zote
bila kujua ni mkono wa nani unaowaita.
Kengele haikurudi. Sauti ilikuwa mbaya kama juzi.

Nami nikajiuliza: mkate nilioula tangu nilipoota meno,
nani aliuandika?
Nililala tumboni mwa yule mwanamke miezi tisa.
Ukurasa wa ngapi?

Theluji ilikuwa imeloanisha daftari.
Wino wa zamani ukaanza kutembea,
ile tisa ikavimba, ikafumba mkia wake,
ikawa sifuri mbili zikitazamana.

"Nargiza," mama akaita kutoka ndani,
"baridi inaingia. Ingia na wewe,
au basi funga mlango."